Mahamali wa Miguu Miwili

Mwaka 1983 ngisi hawakuja Monterey. Hiyo ni ghuba ya California, upande wa magharibi wa Marekani, na mwaka ule El Niño ilikuwa imeyapasha moto maji ya Pasifiki hata ngisi waliozoea kuonekana pale wakaadimika. Sisi huku El Niño tunaijua kwa mvua. Waulizeni wazazi wenu habari za mwaka 1997, jinsi barabara na madaraja yalivyosombwa. Kule Monterey shida ilikuwa ngisi, na miongoni mwa waliowasubiri kwa hamu alikuwamo kijana mmoja asiyekuwa mvuvi wala mpishi. Jina lake Ronald Vale, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika mwili mzima wa ngisi, alichokitaka yeye ni neva moja tu.

Mliokulia pwani mnamjua ngisi akishtuka. Hujikaza mwili wote kwa mara moja, maji yakamtoka kwa nguvu, naye akaruka kinyumenyume kabla hujapepesa jicho. Amri ya kuruka hivyo hupita katika neva nene ajabu. Ndani ya miili yetu uzi wa neva, ambao wataalamu huuita aksoni, huwa mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Aksoni kubwa ya ngisi inaweza kukaribia unene wa milimita 1. Unaiona kwa macho, unaishika kwa kibanio, unaikata ncha na kuukamua ute wa ndani ukatoka mzima juu ya kioo. Watu waliompasua ngisi zamani walidhani ni mshipa wa damu, mpaka mwaka 1936 Mwingereza John Zachary Young alipoonyesha kwamba ni neva.

Vale alitaka ute ule kwa sababu ya swali ambalo nawaomba, wanangu, mlitafakari taratibu kabla hatujaendelea.

Kunja kidole gumba cha mguu wako. Seli iliyokiamuru kikunjike ina kiini chake ndani ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, na kutoka hapo imenyoosha aksoni moja kupitia paja, goti na kifundo mpaka kwenye misuli ya unyayo. Urefu wake ni karibu mita 1. Ile sehemu yenye kiini haifiki hata milimita moja ya kumi kwa upana, lakini karibu protini zote za seli hutengenezwa humo. Huko chini, kwenye ncha inayogusana na msuli, kuna mahitaji kila saa: vifuko vya kemikali zinazopeleka amri, viraka vya utando, mitokondria mpya za kutoa nishati. Vinafikaje?

Huenda ukasema vinaelea tu. Jibu hilo si baya, maana ndani ya seli hakuna kitu kinachokaa kimya. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini vipunje vidogo vilivyotoka kwenye chavua, akaviona vinatetemeka na kuhamahama ndani ya maji bila kukoma. Ni molekuli za maji zinazovigonga kutoka pande zote. Mgongano huo hutosha kukivusha kitu kidogo kutoka ukuta mmoja wa seli hadi wa pili kwa muda mfupi. Tatizo ni kwamba kitu kinachogongwagongwa hakina mwelekeo. Umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kifuko kimoja cha neva kikiachwa kiende mita nzima kwa kuelea, kitahitaji maelfu ya miaka. Kama kingekuwa kimeanza safari siku za Mafirauni wa Misri, leo bado kingekuwa njiani, na wewe usingekunja kidole hata mara moja maishani mwako.

Kwa hiyo lazima kuna kinachovibeba. Nani? Vale alikuwa na mshukiwa. Mwaka huohuo wa 1983, pale Stanford, Michael Sheetz na James Spudich walikuwa wamepaka miosini juu ya vishanga vidogo sana vya plastiki, wakaviweka ndani ya seli ya Nitella, mmea wa majini, navyo vikatembea. Miosini ni protini inayoikaza misuli. Ilikuwa imejulikana tangu karne ya 19. Vale akajiuliza kama miosini ndiyo pia inayobeba mizigo ndani ya neva. Ngisi wa Monterey walipokosekana, yeye na Sheetz walifunga mizigo yao wakavuka Marekani nzima hadi Woods Hole, jimbo la Massachusetts, kwenye maabara ya viumbe vya baharini iliyoanzishwa mwaka 1888. Huko Atlantiki ngisi walikuwepo. Na zaidi ya ngisi kulikuwa na Thomas Reese na Bruce Schnapp, mabingwa wa kutazama vitu vidogo, na mbinu mpya aliyoieneza Robert Allen ya kufunga kamera ya video kwenye hadubini ili yale yaliyokuwa hafifu mno kwa jicho yaonekane wazi kwenye skrini.

Hebu waza walichokiona. Ute wa neva umekamuliwa juu ya kioo. Ngisi amekwisha kufa, utando wa neva umeachwa kando, hakuna ubongo wa kuamuru lolote. Hata hivyo, vifuko vinaendelea kusafiri! Vinafuata nyuzi nyembamba, vingine vikienda, vingine vikirudi, na mara nyingine viwili vinapishana juu ya uzi uleule mmoja. Ilimradi kuna ATP, ile molekuli ya nishati ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula, safari haikomi.

Schnapp na Reese waliuchukua uzi uliokuwa umeonekana kwenye video wakautazama kwa hadubini ya elektroni. Ulikuwa mrija mmoja, wenye upana wa nanomita 25, uitwao mikrotubuli. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ugunduzi huo uliiangusha dhana ya Vale, kwa sababu miosini haitembei juu ya mikrotubuli. Njia yake ni uzi mwingine kabisa unaoitwa aktini. Mshukiwa hakuwa na hatia.

Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa hadithi hii. Walichokuja kukitafuta hakikuwepo, lakini safari walikuwa wakiiona kwa macho yao kwenye skrini. Wakaanza kuchuja. Walichukua majimaji ya neva ya ngisi, wakayaweka juu ya kioo pamoja na mikrotubuli tupu, na mikrotubuli zenyewe zikaanza kuteleza juu ya kioo. Maana yake ni kwamba ndani ya majimaji yale kulikuwa na kitu kilichojishika kwenye kioo na kuzisukuma. Walitenganisha protini moja baada ya nyingine, kutoka kwa ngisi na pia kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe, mpaka wakaipata ile yenye nguvu hiyo. Haikuwa imewahi kuelezwa na mtu yeyote. Mwaka 1985 waliitangaza na kuipa jina kinesini. Vale alikuwa na umri wa miaka 26.

Nitaiita hamali, na sina neno jingine linaloifaa zaidi. Kama hamali wa bandarini, inabeba mzigo usio wake, mkubwa kuliko mwili wake, na inakwenda kwa miguu yake miwili.

Kinesini ina urefu wa nanomita 80 hivi. Juu ina mkia unaoushika mzigo, katikati ina shina refu, na chini ina vinundu viwili. Vitabuni mtakuta vinaitwa vichwa, lakini kazi yake ni kukanyaga, kwa hiyo mimi nasema ni miguu. Njia yake, mikrotubuli, imejengwa kwa jozi za protini iitwayo tubulini, zilizopangwa moja mbele ya nyingine kwa mistari ambayo kwa kawaida ni 13. Kila jozi ina urefu wa nanomita 8. Na hatua ya kinesini? Nanomita 8 kamili. Haikanyagi popote inapopenda. Kila jozi ina mahali pamoja pa kuweka mguu, na mguu unatua hapo tu.

Mtu anawezaje kuupima mwendo mdogo namna hiyo? Kwa mwanga. Ukikusanya miali ya leza mahali pamoja, inaweza kukishika kishanga kidogo na kukizuia kisiende, mbinu ambayo ilimpa Mmarekani Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018. Mwaka 1993 kikundi cha Karel Svoboda na Steven Block kilikishika kwa leza kishanga kilichobebwa na kinesini moja peke yake, wakakifuatilia. Mchoro uliotoka ulikuwa ngazi: unasimama, unapanda nanomita 8, unasimama, unapanda tena nanomita 8.

Bado kulikuwa na ubishi. Je, mguu wa nyuma hupita ule wa mbele kama tutembeavyo sisi, au mguu mmoja hutangulia daima na mwingine hujivuta ukifuata? Ahmet Yildiz, mwanasayansi kutoka Uturuki aliyekuwa akisoma Marekani, pamoja na wenzake akiwamo Vale, walifunga kitone cha rangi inayong'aa kwenye mguu mmoja tu. Kama kinesini ingekuwa inajivuta, kitone kingesogea nanomita 8 kwa kila hatua. Waliona kikiruka nanomita 16 hivi, kisha kinatulia wakati mguu usio na rangi unachukua zamu yake, kisha kinaruka tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Kinesini inapishanisha miguu, wa kulia na wa kushoto, kama wewe uendavyo dukani.

Lakini msidhani inatembea kwa utulivu. Kumbukeni zile molekuli za maji zilizovigonga vipunje vya Brown: kwa kitu kidogo hivi ni kimbunga kisichokatika, mchana na usiku. Wewe ukiinua mguu, mguu unakwenda unakotaka. Mguu wa kinesini ukiachia njia hupeperushwa huku na huko. Siri yake ni hii. Mguu wa mbele ukipokea molekuli ya ATP, kipande kifupi cha protini kinachouunganisha na shina hubadilika umbo, kikalala kuelekea mbele. Hilo huuvuta mguu wa nyuma, ambao umekwisha achia, hadi upande wa mbele. Huko kimbunga kinaupeperusha mpaka unapapata pa kukanyaga, nao unang'ang'ania. ATP iliyotumika huvunjwa, mguu uliobaki nyuma huachia, na zamu inabadilika. Kimbunga kilekile kinachotishia kuiangusha ndicho kinachoisaidia kumalizia hatua. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanistaajabisha.

Kila hatua inagharimu ATP moja. Juu ya kioo cha maabara kinesini ya kawaida hupiga hatua 100 hivi kwa sekunde. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 kwa makadirio, kwa hiyo kuukata upana huo kungehitaji hatua 10,000, dakika moja na sekunde 40. Hata hivyo, hamali mmoja akiwa peke yake hufika hatua mia hivi, kisha akateleza na kuiachia njia. Ndiyo maana mzigo mmoja hushikwa na kadhaa: huyu akianguka, wenzake wanaushikilia mpaka mwingine ajiunge. Ndani ya mwili wenye joto, na kwa msaada wa aina nyingine za kinesini zilizo na mwendo mkali zaidi, mizigo ya haraka ya neva inaweza kwenda milimita 400 kwa siku. Kutoka kiunoni mwako hadi kidole cha mguu, hizo ni siku mbili na nusu. Twiga ana neva inayoshuka kutoka kichwani, ikapinda kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, ikapanda tena shingo yote hadi kooni. Kwa twiga mzima inaweza kufika mita 4. Mzigo unaoondoka leo kichwani utafika kooni baada ya siku kumi.

Mwili wa binadamu una maelekezo, yaani jeni, ya kutengeneza kinesini za aina 45. Mojawapo ikiharibika unaona haraka umuhimu wake. Kuna watu wanaozaliwa na kasoro katika jeni iitwayo KIF5A, na wengi wao miguu hukakamaa na kuishiwa nguvu polepole huku mikono ikiendelea vizuri. Kwa nini miguu? Kwa sababu ndiko kwenye aksoni ndefu kuliko zote. Mahamali wakiwa dhaifu, wa kwanza kukosa posho ni yule anayekaa mbali.

Njia nayo inaweza kuharibika, hata kama mahamali ni wazima. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wengi wa sehemu hizi zetu. Ni saratani, na leo inaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa dawa zinazoitibu imo vinkristini, iliyotokana na mmea wenye maua ya waridi au meupe, wa asili ya Madagaska, ambao watu wengi wa pwani wameupanda mbele ya nyumba bila kujua habari zake. Vinkristini huzuia tubulini isijipange kuwa mikrotubuli. Seli ya saratani haiwezi kugawanyika bila mirija hiyo, kwa hiyo hufa. Lakini neva za mtoto nazo zinaitegemea mirija hiyohiyo, na ndiyo sababu baadhi ya watoto wanaopewa dawa hii husema vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ukiwa na rafiki au ndugu anayetibiwa hivyo akakuambia hahisi vidole vyake, mwamini. Mwambie amweleze daktari wake, maana daktari anahitaji kulijua hilo.

Sasa turudi kwenye ile skrini ya Woods Hole, maana vifuko vingine vilikuwa vikirudi. Kinesini ya Vale ilikwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye kiini kuelekea ncha. Nani alikuwa akirudisha mizigo?

Jamaa wa huyo hamali wa pili alikuwa amekwisha julikana, ila kwa kazi nyingine. Mwaka 1965 Ian Gibbons, Mwingereza aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliipa jina daineini protini aliyoitoa kwenye vijinywele vya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoogelea madimbwini. Vijinywele hivyo, silia, hupiga maji kwa nguvu za daineini. Mwaka 1987 kikundi cha Richard Vallee, pale Massachusetts, kilionyesha kuwa ndani ya ubongo wa ng'ombe imo daineini inayotembea juu ya mikrotubuli kuelekea upande ambao kinesini inatoka. Ni kubwa kuliko kinesini, na mwendo wake haunyooki: mara hupiga hatua ndefu, mara fupi, mara hurudi nyuma kidogo au kuhamia mstari wa pembeni. Inarudisha vipuri vilivyochakaa ili vivunjwe na kutumika upya. Inarudisha pia habari, kwamba huku mwisho tumeshikana na msuli vizuri. Seli isipopata habari hizo kwa muda mrefu inaweza kufa.

Na kuna mgeni anayeitumia njia hiyo bila ruhusa. Hapa nisikilizeni kwa makini.

Mbwa mwenye kichaa akikuuma mguuni, virusi vilivyo ndani ya mate yake hubaki kwanza kwenye nyama ya jeraha. Vikifika kwenye ncha ya neva huingia ndani, navyo havina miguu. Daineini huvibeba kama inavyobeba mzigo wowote unaorudi, hatua kwa hatua, kupitia paja hadi uti wa mgongo na kutoka hapo hadi ubongoni. Mahamali wetu hawajui walichokibeba. Ndiyo sababu mtu aliyeumwa anaweza kukaa wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, akiwa hana dalili yoyote, na ndiyo sababu kuumwa usoni ni hatari ya haraka zaidi kuliko kuumwa mguuni: njia ni fupi. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya hapo kuna muda, na muda huo ni wako. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mtu mzima, na nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Chanjo huufundisha mwili kuvikamata virusi kabla havijaingia kwenye neva.

Mtoto wa kwanza kujulikana duniani kuokolewa hivyo ni Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa huko Alsace mwezi Julai 1885, mama yake akamkimbiza Paris kwa Louis Pasteur. Pasteur hakuwa na habari za daineini, wala hakuwahi kukiona kirusi. Alijua tu kwamba ugonjwa huchukua muda kufika ubongoni, akaamua kuuwahi. Kinesini ilikuja kutangazwa miaka 100 kamili baadaye.

Tuache huzuni. Weka kiganja kifuani uusikie moyo wako ukielemea kushoto. Nani aliuambia uende kushoto? Ulipokuwa kiinitete cha wiki chache tu tumboni mwa mama, kulikuwa na kishimo kidogo chenye silia zinazozunguka, zote kwa mzunguko wa aina moja, zikiyapeleka majimaji upande wa kushoto. Seli za pembeni huutambua mkondo huo, na kutoka hapo mwili unajua upi ni upande upi. Mwaka 1998 kikundi cha Nobutaka Hirokawa, Chuo Kikuu cha Tokyo, kilizuia kinesini mojawapo isitengenezwe katika panya. Kinesini hiyo ndiyo hubeba vifaa vya kujengea silia. Silia hazikuota, mkondo haukuwepo, na mioyo ya vijipanya ikaelekea kushoto au kulia kwa bahati tu. Kwa binadamu jambo la namna hiyo lilikuwa limekwisha onekana: mwaka 1976 Msweden Björn Afzelius alieleza juu ya watu ambao silia zao hazipigi kwa kukosa daineini. Walisumbuliwa na vifua, kwa sababu silia za kwenye njia ya hewa ndizo husukuma makohozi yapande yatoke. Na karibu nusu ya watu wa aina hiyo mioyo yao iko kulia.

Kinesini na daineini mnaweza msizione kamwe kwa macho, lakini kazi ya miosini mnaweza kuiona shuleni kwenu kama kuna hadubini ya kukuza mara 400. Mtaliano Bonaventura Corti aliiona mwaka 1774, akiwa na kifaa duni kuliko chenu. Tafuteni mmea unaokua umezama wote ndani ya maji, ziwani au bwawani, wenye majani membamba laini, mfano hydrilla. Kuweni na mtu mzima, na msiingie majini ovyo. Chukueni jani moja changa, mliweke zima juu ya kioo pamoja na tone la maji yaleyale, mlifunike. Jani hilo lina tabaka mbili tu za seli, kwa hiyo mwanga hupita. Mtaona vidonge vya kijani vimejipanga ndani ya kila seli, na baada ya muda vitaanza kuzunguka kwa kufuatana, miosini ikivivuta juu ya nyuzi za aktini. Dhana ya Vale, iliyoshindwa ndani ya neva, humu ni ya kweli.

Mkiona havisogei, msitupe jani. Liacheni chini ya taa dakika chache lipate joto kidogo, kisha tazameni tena, na mtazame kandokando ya ukuta wa seli, kwa sababu katikati pamejaa maji na mahamali hupita pembeni.